Mashahidi Wawili wa Dashibodi

Chuo kimebana kidogo, ila leo nina historia ya kitu kidogo sana: mshale wa geji kwenye magari ya zamani ya spoti. Najua mtasema mwanafunzi wa historia na nyaya wapi na wapi. Subirini kwanza.

Afrika Mashariki si wageni wa magari haya. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na huku kwetu. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, ikarudia 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ukikaa ndani ya 240Z ya kawaida unaona miviringo mitatu midogo katikati ya dashibodi: mmoja wa joto la maji na presha ya oili, wa pili wa chaji na mafuta, wa tatu ni saa. Yaani habari zote za injini unazipata kwa mishale.

Geji nyingi za umeme za miaka ile zilitumia joto. Ndani kuna kibati cha metali mbili zilizoshikana, kimezungushiwa waya. Umeme ukipita waya unapata moto, kibati kinapinda, mshale unasogea. Tatizo ni kwamba umeme wa gari hautulii: injini ikiwa imezimwa ni kama volti 12, ikinguruma unafika 14. Waingereza wakaweka kidude kinaitwa stabilaiza, kinachokata na kurudisha umeme ili wastani uwe volti 10. Kimo kwenye Jaguar E-Type ya 1961, na kimo pia kwenye Land Rover Series III ya 1971, ambayo barabara za Ruvuma zinaijua kuliko Jaguar.

Sasa tumsake mwongo. Mshale wa joto peke yake ukilala, washa swichi, chomoa waya kwenye kisoma joto pale injini, uuguse kwenye bodi sekunde chache tu. Mshale ukipanda, geji na waya ni wazima, mbovu ni kisoma joto. Usipopanda, fuata waya hadi nyuma ya dashibodi.

Lakini mshale wa joto na wa mafuta ikipanda pamoja, tangi linasema limejaa na wewe hujaweka hata lita, usikimbilie kulaumu injini. Yote miwili inalishwa na stabilaiza moja. Mara nyingi kidude kimekosa ethi, hakikati tena, umeme wote unapita. Kwangua kutu, kaza skrubu, uangalie tena.

Hapo ndipo historia inapoingia. Mashahidi wawili wakikubaliana tunaona ushahidi umetimia, kumbe wamekula chungu kimoja! Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo Songea inavikumbuka kwa makumbusho yake, ukivisoma kwa ripoti za Wajerumani tu, hata ziwe kumi, bado umesikia upande mmoja. Ndiyo maana mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Walitafuta shahidi aliyekula chungu kingine.

Na shahidi akinyamaza, usishangilie. Gari likiwa linachemsha halafu mshale ukashuka ghafla, pengine maji yameisha na kisoma joto kimebaki hewani. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanawahi kuchemka kuliko Dar. Ukipanda Lukumburu ukaona hivyo, simama, zima, acha ipoe kabisa ndipo ufungue rejeta. Kurekebisha geji ni kazi ya bisibisi na msasa, injini iliyoungua ni habari nyingine kabisa.

Haya, ngoja niwahi diskasheni. Siku njema.