Nyaraka za Sam Ntiro zimo kwenye masanduku ya nani?

Ndugu zangu, niingie moja kwa moja kwenye hoja. Mtu akitaka leo kuandika historia ya Sam Joseph Ntiro, mchoraji na mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kufariki 1993, aanzie wapi? Wengi mtasema Makerere, au Mlimani pale Dar es Salaam. Ni jibu la heshima. Lakini mwanafunzi wa uzamili mwenye nauli ya safari moja tu mimi nitamshauri, kwa shingo upande, aende Washington.

Sababu ni hii. Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwepo New York taasisi moja ikiitwa Harmon Foundation. Iliasisiwa mwaka 1922 na William E. Harmon, mtu aliyetajirika kwa biashara ya viwanja, na ikajipatia jina kwa tuzo ilizowapa Wamarekani weusi kuanzia 1926. Baadaye ikageuza macho kuelekea Afrika. Mary Brady aliyeiendesha, pamoja na msaidizi wake Evelyn Brown, wakawa wanaandikiana na wachoraji, wachongaji na walimu wa sanaa wa bara letu, wanaomba picha, wanaomba wasifu, wanapanga maonyesho. Mwaka 1966 Evelyn Brown akatoa kitabu kinachoorodhesha wasanii zaidi ya 300 wa kusini mwa Sahara. Mwaka uliofuata taasisi ikafunga milango. Karatasi zake zikaenda Maktaba ya Bunge la Marekani, picha za kamera zikaenda Nyaraka za Taifa za huko huko, na kazi za sanaa zenyewe zikagawanywa kwa vyuo vya watu weusi kama Fisk na Hampton. Miaka ya 2022 hadi 2024 maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika katika Marekani ya 1947 hadi 1967 yalizunguka Nashville, St. Louis, Washington na Cincinnati, na msingi wake ni urithi huo huo wa Harmon.

Sasa tazameni mambo yalivyo. Mchoraji ni Mchagga wa Machame. Mwalimu ni wa Makerere. Lakini jina lililoandikwa ubavuni mwa sanduku ni la tajiri wa viwanja wa Marekani. Kwa lugha ya watunza nyaraka hilo si kosa hata kidogo: kanuni yao ni kwamba karatasi hubaki chini ya jina la aliyezikusanya. Kanuni hiyo ina maana yake, siipingi. Ila matokeo yake kwetu ni kwamba historia ya mwalimu wetu inasomwa kupitia dirisha la mfadhili. Mfadhili huhifadhi kile kilichomfikia, yaani barua zilizoandikwa kwake, kwa lugha yake, juu ya mambo aliyoyauliza yeye. Aliyoyasema mwalimu darasani, au aliyomwandikia kaka yake kule mlimani, hayo hayakupita New York, basi hayamo.

Nitoe mfano mmoja tu, maana unanitosha. Jumba la makumbusho la MoMA, New York, linayo picha ya Ntiro ya mwaka 1956, rangi za mafuta juu ya turubai, si kubwa. Waliipata mwaka 1960, mwaka ambao kazi zake zilionyeshwa mjini humo, na ni miongoni mwa kazi za awali kabisa za mchoraji wa Kiafrika wa zama hizi kuingia katika jumba lile. Jina lake kwa Kiingereza linasema, kwa maneno mengine, kwamba wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Pombe ya ndizi! Mchagga yeyote akisikia hivyo atacheka kidogo. Wanachopeleka ni mbege, na mbege si ndizi peke yake. Ndizi huchemshwa, lakini bila kimea cha ulezi hamna mbege, na gome la msesewe ndilo linaloipa ule ukali wake. Tena mbege ya posa na arusi si kinywaji cha kukata kiu. Ni neno linalosemwa kati ya ukoo na ukoo. Bila mbege mazungumzo hayajaanza, na faini hailipiki. Huyu anayesoma kibandiko ukutani New York anaona sherehe ya kijijini yenye mwezi na migomba. Hajui kwamba anatazama mkataba.

Kumbe ufunguo upo, na upo kwa Kiswahili. Mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya picha ile, Ntiro alichapisha kitabu kiitwacho Desturi za Wachagga, kilichotolewa na Eagle Press ya Nairobi. Wanaosoma mambo ya sanaa hawakitafuti kwa sababu kimewekwa kwenye rafu ya mila, na wanaosoma mila hawajui kwamba mwandishi alikuwa mchoraji. Rafu mbili, sakafu mbili tofauti za maktaba ileile, na mtu ni mmoja. Mimi naamini kitabu hiki ni sehemu ya nyaraka zake kama vile barua yoyote, maana kinaonyesha kwamba aliyechora alikuwa ameshaandika, kwa lugha yetu na kwa wasomaji wetu, kabla hajapata mnunuzi Marekani. Eti alikuwa mchoraji wa "kisanii cha kijijini", kama baadhi walivyomdharau. Mchoraji wa kijijini gani aliyekaa chini akaandika desturi zake kwa nathari?

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye ugomvi. Ntiro alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1930 kwenye baraza ya nyumba yake. Trowell alikuwa na imani yake: asiwamwagie wanafunzi kanuni za Ulaya za kuchora umbali na vivuli, bali awasimulie hadithi au awarudishe kwenye mambo ya kwao, kisha wachore walichokiona akilini. Ntiro akabaki Makerere kufundisha, akaenda London katika chuo cha Slade kati ya 1952 na 1955, chuo ambacho Trowell mwenyewe alikisomea. Na aliporudi? Akachora karibu vilevile alivyokuwa akichora kabla ya kwenda. Watu wadogo, wengi, wakifanya kazi pamoja, kuchuma kahawa, kuchimba barabara, kubeba mizigo, mlima nyuma yao, kila kitu kikiwa wazi kama kwenye ramani.

Wakosoaji wamelieleza jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaosema Slade haikumwingia, na wapo wanaosema Trowell alishamfunga. Cecil Todd, aliyemrithi Trowell mwaka 1958, alileta mafunzo ya aina nyingine kabisa, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya, na machoni pa wanafunzi wa Todd picha za Ntiro zilikuwa tayari za zamani. Kwangu mimi maelezo yote mawili yana kasoro ileile, kwamba yanamnyima Ntiro uamuzi. Mtu anakaa miaka mitatu London, anatazama majumba yote yale, kisha anakataa. Kukataa nako ni kazi ya akili. Lakini kukataa hakuonekani kwenye turubai. Ukitazama turubai peke yake, anayekataa na asiyejua wanafanana. Kinachoweza kuwatofautisha ni karatasi: maandalizi ya masomo, hotuba, barua kwa rafiki, maswali ya mitihani aliyowatungia wanafunzi wake. Ndiyo maana nasema suala la nyaraka zake si la wapenda vumbi peke yao. Heshima yake kama mtu aliyefikiri inategemea vitu hivyo.

Baadaye maisha yake yakaingia serikalini. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 alipelekwa London kuwa Balozi wetu, akakaa hadi 1964, mwaka wa Muungano. Nchi nzima wasomi walihesabika kwa vidole, na mwalimu wa kuchora akakabidhiwa ubalozi mkubwa kuliko zote! Baada ya hapo akawa Kamishna wa Utamaduni, na hatimaye akarudi kufundisha, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro, alihitimu historia Oxford mwaka 1954 na anakumbukwa Uganda kama mwanamke wa kwanza wa nchi ile kupata shahada. Alifariki 2018, na yeye anastahili makala yake mwenyewe, si mabano haya.)

Nyaraka za balozi huwa na bahati. Serikali iliyomtuma huweka nakala, na iliyompokea huweka yake. Nyaraka za Kamishna wa Utamaduni hazina bahati hiyo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni na Vijana akaiita roho ya taifa, lakini tangu hapo utamaduni umehamishwa kutoka wizara hadi wizara, mara na elimu, mara na vijana, mara na habari, mara na michezo. Aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali anajua kinachotokea kila idara inapohama. Samani zinahesabiwa. Majalada yanafungwa kamba, yanapakiwa kwenye pikapu, na jalada ambalo hakuna anayelihitaji wiki hiyo linabaki stoo.

Halafu kuna moto. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua, lile la mwaka 1941 ambalo picha yake imo katika kila cheti cha kumbukumbu yetu, na kumbukumbu za chuo ni miongoni mwa vilivyoteketea. Na kabla ya hapo, mwaka 1997, iliungua Paa ya Paa kule Nairobi. Hii ilikuwa nyumba ya sanaa iliyoanzishwa 1965 na Elimo Njau wa Marangu na wenzake, Njau yule aliyechora kuta za kanisa la Murang'a, mwanafunzi mwingine wa Trowell. Moto ule ulikula picha, maktaba na karatasi za zaidi ya miaka 30. Wachagga wawili, walimu wawili wa sanaa. Karatasi za mmoja zimetawanyika na za mwingine zimegeuka majivu.

Basi wapo wanaosema, na nimewasikia hapa Minnesota kwenye misiba na arusi, kwamba dawa ni kuleta kila kitu huku. Nawaelewa. Kutoka kwangu Coon Rapids, ukifuata mto Mississippi kushuka, si nusu saa kwa gari unafika maktaba ya Andersen ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Chini yake wamechonga mapango mawili ndani ya mwamba wa ukingo wa mto, kila moja likiwa na urefu wa futi 600. Huko baridi na unyevu havibadiliki, nje iwe theluji au jua. Humo zimo karatasi za wahamiaji, Wafini, Waitaliano, Waukraine, zilizoanza kukusanywa mwaka 1965. Ukiziona unapata wivu.

Lakini hebu tujiulize zilifikaje. Hawa ni watu waliohama na karatasi zao, na wajukuu wao wako hapa hapa, wanakwenda kuzisoma. Ntiro hakuhamia Minnesota. Ukileta nyaraka za Machame kwenye pango la Minneapolis umezilinda na moto na mchwa, sawa, lakini mwalimu wa sanaa wa Mwika au Moshi atazisoma kwa viza gani? Msimamo wangu ni huu: karatasi asilia zibaki Afrika Mashariki, Nyaraka za Taifa au chuoni, na nakala za picha ziwekwe mahali pengine pawili angalau, pamoja na huku. Moto ukija uikute nakala moja tu. Na Washington waombwe nakala za barua zote za watu wetu zilizomo katika masanduku ya Harmon, ziende Dar es Salaam na Kampala, zikiwa na maelezo ya Kiswahili ambamo neno mbege linapatikana.

Wakati hayo yanasubiri vikao, lipo lililo mikononi mwetu. Baadhi yenu mlifundishwa na Ntiro, Makerere au Mlimani. Mko Columbus, mko London, mko Oslo. Mnalo daftari la mihadhara ya mwaka wa pili, barua ya kumpendekeza mtu kazini yenye sahihi yake, picha ya darasa mbele ya turubai ambalo halijakauka. Msizitupe mnapohama nyumba, na msiwaachie watoto ambao hawajui zinahusu nini. Pigeni nakala. Nyuma ya picha andikeni majina ya waliosimama, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwaka, kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele.