Neno "Love" na Washairi wa Japani

Mwanafunzi wa Kijapani anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "love" tangu siku za mwanzo. Kulitamka hakumshindi, ingawa ulimini mwake hugeuka likawa "rabu". Kinachomtatiza ni upana wake. Mwingereza humwambia neno hilo mkewe, mama yake na Mola wake. Hulitumia kwa chai ya asubuhi. Hulitia mwishoni mwa barua. Na katika tenisi hulihesabia sifuri. Mswahili haoni ajabu, kwani naye hupenda mtoto, nchi na embe kwa kitenzi kimoja. Mjapani, lakini, embe husema analipenda kwa neno jepesi, "suki", na mara nyingi hata mchumba humwambia hilo hilo. Neno zito, "aishiteru", wengi huona haya kulitamka. Haya hiyo ina historia yake, na katika historia hiyo washairi wana sehemu kubwa.

Wajapani hawakukosa mapenzi wala tungo zake. Man'yoshu, diwani yao kongwe iliyokusanywa katika karne ya 8, ina mashairi yapatayo 4,500, na mengi ni ya mapenzi. Kokinshu, diwani iliyoamriwa na mfalme mwaka 905, ilitenga vitabu 5 kati ya 20 kwa mapenzi peke yake. Neno lililotawala humo ni "koi", yaani shauku ya kumtamani asiyekuwapo. Katika Man'yoshu neno hilo mara nyingine liliandikwa kwa herufi mbili za Kichina, moja ya upweke na nyingine ya huzuni. Koi hutosheka na mtu mmoja: aliye mbali si lazima ajibu, wala si lazima ajue.

Palikuwa na maneno mengine. "Ai", lililotoka Uchina, katika mafundisho ya Kibuddha lilikuwa na maana ya kushikamana na dunia, kifungo kinachomzuia mtu asiokoke. "Iro", yaani rangi, lilikuwa neno la mapenzi ya mwili na la mitaa ya starehe ya mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo.

Baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868, vitabu vya Kiingereza viliingia kwa wingi, na wafasiri wakakwama. Aliyeandika koi alibaki na upweke. Aliyeandika iro alileta harufu ya danguro. Nakamura Masanao, katika tafsiri yake ya kitabu cha Samuel Smiles iliyotoka mwaka 1871, alitumia "ren'ai", neno lililounganisha herufi ya koi na ile ya ai. Mwaka 1890 Iwamoto Yoshiharu, mhariri wa Jogaku Zasshi, jarida la elimu ya wanawake lililoanzishwa mwaka 1885, alimsifu mfasiri wa riwaya moja kwa kulitumia neno hilo, kwa hoja kwamba maneno ya zamani yalikwisha kuchafuka. Iwamoto alitaka neno la watu wawili wanaoheshimiana, ambamo mwanamke naye ana roho na kauli.

Aliyelipokea kwa moyo wote ni mshairi Kitamura Tokoku, aliyezaliwa mwaka 1868. Mwaka 1887, katika barua ya Kijapani kwa mchumba wake Ishizaka Mina, alilitia neno lenyewe la Kiingereza, akisema kwamba "love" yao imesimama nje ya tamaa ya mwili. Walioana mwaka 1888. Februari 1892 alichapisha katika jarida la Iwamoto makala juu ya washairi walioichoka dunia, na mwanamke, akidai kwamba ren'ai ndiyo ufunguo wa siri ya maisha. Mwandishi Kinoshita Naoe alikumbuka baadaye kwamba maneno hayo yalimpiga kama mzinga.

Lakini makala hiyo hiyo ina uchungu. Tokoku alisema kwamba ndoa humrudisha mshairi katika dunia aliyoikimbia, na yule aliyeabudiwa akawa mzigo. Alikuwa amelichukua neno jipya, akaliishi kwa desturi ya koi: mpendwa alitukuka maadamu yu mbali. Mei 1894 alijiua, akiwa na umri wa miaka 25, akamwacha Mina na binti mdogo.

Husimuliwa hadi leo kwamba Natsume Soseki, alipokuwa mwalimu wa Kiingereza, alimfundisha mwanafunzi asifasiri tamko la mapenzi neno kwa neno, bali aseme tu kwamba mwezi ni mzuri. Kisa hicho hakimo katika maandishi ya Soseki. Kilienea vitabuni miongo mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1916. Hata hivyo kinapendwa, kwa sababu kinamruhusu mtu kupenda na kunyamaza.

Mina hakunyamaza. Mwaka 1899 alikwenda Marekani kusoma, akarejea Japani mwaka 1907, na kwa miaka mingi akawa mwalimu wa Kiingereza. Neno ambalo mumewe alilipeleka mbinguni, yeye alilifundisha darasani pamoja na mengine, likiwa na mtendaji wake na mtendwa wake.