Tairi Linashika Wapi?

Wadau, Safari Rally ya 1968, Pasaka, mvua ya masika: yalimaliza magari 7 tu. Hata 1963 yalimaliza 7! Mara zote mbili alishinda Nick Nowicki na Peugeot 404. Matope yaliwanyoosha wengine.

Sasa, maabarani tairi lilipimwa kona juu ya pipa la chuma linalozunguka. Pipa ni mviringo, halina matope, kwa hivyo tairi haliligusi kama linavyogusa barabara. Ukibadilisha upepo, joto ama mzigo, namba nayo inabadilika.

Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hili linashika", muulize: wapi? Mtu wa boda hapa Kibarani akitoka lami kuingia mchangani amebeba mama na mtoto, namba ya pipa haimsaidii. Apunguze mwendo kabla ya kona.