Bei ya Pambo: Historia Fupi ya Adwea Zinazojificha Ndani ya Mapambo

Leo tuache msimbo kando kidogo, tuzungumze historia. Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuunda programu za simu, swali huwa ni lilelile: "Hii WhatsApp ya rangi ni salama?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linaanzia Marekani, zaidi ya miaka 20 iliyopita, na nadhani linafaa kujulikana.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Adwea ni programu inayokaa ndani ya mashine yako ikikuonyesha matangazo ambayo hukuyaomba. Nyingi hufuatilia pia kurasa unazotembelea ili zijue zikurushie tangazo gani. Hakuna mtu anayeitafuta adwea kwa hiari yake. Kwa hivyo anayeieneza ni lazima aifunge ndani ya kitu kinachopendwa, na watu wanapenda kupamba mahali pao, hata kama mahali penyewe ni skrini tu.

Kampuni ya Hotbar ililielewa jambo hili mapema. Ilitoa mapambo ya kivinjari cha Internet Explorer na vikaragosi vya kutia kwenye barua pepe, yote bure. Matangazo ndiyo yaliyolipa. Mwaka 2006 Hotbar iliungana na kampuni ya 180solutions ya jimbo la Washington, na jina jipya likawa Zango.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo shina la mambo lilipo. 180solutions haikuwa ikisambaza programu zake peke yake. Iliwalipa wasambazaji kwa kila mashine ambayo programu iliwekwa. Sasa fikiria wewe ni msambazaji. Ukimweleza mtu ukweli wote, atakataa, nawe hupati kitu. Ukimficha, unalipwa. Mfumo wenyewe ulikuwa unalipia udanganyifu. Novemba 2006, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani (FTC) ilitangaza kwamba Zango imekubali kulipa dola milioni 3. Tume ilidai kwamba programu hizo zilikuwa zimewekwa kwenye mashine zaidi ya mara milioni 70, na zilikuwa zimeonyesha vidirisha vya matangazo zaidi ya bilioni 6.9. Watu wengi hawakujua zimeingiaje, na kuzitoa ilikuwa kazi ngumu.

Tukija kwenye mitandao ya kijamii, MySpace ilianza mwaka 2003 na ikawaruhusu watumiaji kubandika HTML na CSS kwenye kurasa zao. Vijana wengi walionja msimbo kwa mara ya kwanza hapo. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. MySpace ilikuwa chini ya kampuni iliyoitwa Intermix. Aprili 2005, Eliot Spitzer, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, aliishtaki Intermix kwa kuficha adwea ndani ya vitu vya bure kama michezo, picha za skrini na vishale vya kipanya. Intermix ilikubali kulipa dola milioni 7.5. Mwaka huohuo News Corp iliinunua, pamoja na MySpace, kwa dola milioni 580. Yaani mtandao uliowafundisha vijana kupamba kurasa zao ulilelewa na kampuni iliyoshtakiwa kwa kuuza adwea kama mapambo.

Facebook ilikuja na rangi ya samawati na nyeupe, na haikumruhusu mtu kubadilisha. Hamu ya kupamba haikuisha, ilibaki tu bila mlango halali. Wengine wakaufungua. PageRage, kwa mfano, ilikuwa kiendelezi cha kivinjari kilichotia picha nyuma ya ukurasa wako wa Facebook. Marafiki zako hawakuiona picha hiyo mpaka nao wasakinishe PageRage. Matangazo, hata hivyo, ulipata mara moja, yamechomekwa katikati ya kurasa kana kwamba ni ya tovuti yenyewe.

Zango ilifunga milango mwaka 2009, lakini hila yake ilihamia kwenye simu. Hapa sasa ndipo inapotugusa sisi Wakenya, maana WhatsApp zilizofanyiwa ukarabati mitaani, kama GBWhatsApp na FMWhatsApp, zinapendwa sana kwetu kwa sababu ya mandhari, fonti na uwezo wa kuficha alama za samawati. Agosti 2021, Kaspersky iliripoti kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada, kilichoingia pamoja na kifurushi cha matangazo. Kirusi hicho kiliweza kuleta programu nyingine mbaya, kuonyesha matangazo ya skrini nzima na kukuandikisha kwenye huduma za kulipia. Oktoba 2022 ikawa zamu ya YoWhatsApp, ambayo toleo lake moja lilikutwa likiiba funguo za akaunti.

Kama mtu wa Android naomba ulielewe jambo moja. Ruhusa hupewa programu nzima, si kipande chake. Ukiiruhusu WhatsApp ya rangi isome meseji zako, basi kifurushi cha matangazo kilichomo ndani nacho kimepata ruhusa hiyohiyo. Na meseji za Mkenya si salamu tu. Kuna salio la M-Pesa, majina ya watu uliowatumia pesa, na namba za uthibitisho kutoka benki. Mwaka 2006 adwea ilikuharibia mashine na kukukera. Leo imeketi kando ya pochi yako.

Sikubaliani na wanaosema kwamba watu ni wajinga. Kutaka simu ifanane nawe si ujinga. Lakini mbele ya pambo lolote la bure jiulize: nani anamlipa aliyelitengeneza, na linataka ruhusa gani? Mandhari haihitaji kusoma meseji wala orodha ya marafiki. Likikosekana kwenye duka rasmi, ukalazimika kulishusha kutoka tovuti usiyoijua, hilo tayari ni jibu.

Kama unayo WhatsApp ya aina hiyo, hifadhi picha zako kwanza, iondoe, kisha uchukue ile rasmi kutoka Play Store. Halafu kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako, na uondoe usichokitambua. Rangi hutazikosa: tangu Februari 2025 WhatsApp yenyewe inakuruhusu kubadilisha mandhari ya mazungumzo.