Upesi na upande: kosa la Descartes

Wengi wetu katika seminari tunamjua René Descartes kwa filosofia yake tu. Lakini mwaka 1644, katika kitabu chake cha Kanuni za Filosofia, alifundisha pia namna vitu vinavyokwenda, na hapo ndipo alipojikwaa.

Alisema hivi: Mungu habadiliki, basi kadiri ya mwendo aliyoitia katika ulimwengu anaihifadhi sikuzote, haizidi wala haipungui. Tuihesabu namna gani? Descartes alizidisha ukubwa wa kitu kwa upesi wake. Upande kinakoelekea hakuuhesabu. Kwake yeye, kitu kikirudi nyuma kwa upesi uleule, mwendo wake haukupungua hata kidogo. Tusimcheke. Kifaransa tunachosomea kina neno moja, vitesse, kwa upesi mtupu na kwa upesi pamoja na upande wake, na hata leo wanafunzi wanapotea hapo.

Tena akafundisha kwamba kitu kidogo kikigonga kikubwa kilichotulia, sherti kile kidogo kirudi na upesi wake wote, na kile kikubwa kisisogee kamwe, hata kikigongwa kwa mbio gani. Kila mtoto aliyegonganisha vijiwe ajua sivyo.

Christiaan Huygens, Mholandi, alilichunguza jambo hilo tangu miaka ya 1650. Tutwae mpira mgumu wa kilo 1 wenye kwenda metri 3 kwa sekunde, ugonge mwingine wa kilo 2 uliotulia. Kama hakuna nguvu inayopotea, wa kwanza warudi nyuma kwa metri 1, wa pili waenda mbele kwa metri 2. Kwa hesabu ya Descartes, kwanza tulikuwa na 3. Sasa tuna 1 na 4, ndiyo 5! Mwendo umezidi, wala hakuna aliyeuongeza. Lakini tukiuhesabu mwendo wa kurudi nyuma kama deni, twatoa 1 katika 4, na 3 yetu ipo.

Mwaka 1668 Royal Society ya London iliomba kanuni za kugongana. John Wallis, Christopher Wren na Huygens wakapeleka majibu, yakachapwa mwaka 1669. Huygens alieleza wazi kwamba kadiri ya Descartes yaweza kuzidi au kupungua; ile ya upande mmoja, ukiisha kutoa ya upande wa pili, yabaki ileile.

Kwamba Mungu habadiliki, hatulikani. Ila kutoka hapo Descartes alitaka kujua ni kitu gani kisichobadilika katika viumbe, bila kupima. Mfaransa Edme Mariotte alitundika mipira kwa nyuzi, akaigonganisha, akaangalia yafika wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1673.