Kutoka Mademoiselle hadi Madame, kutoka Dada hadi Bibi

Huku Ukkel sisi wazima, baridi ndiyo hiyo tumeshaizoea. Leo naomba tuongee historia kidogo. Mdogo wangu ameniuliza kwa nini barua zinazonijia huku zinaandikwa Madame wakati kila mtu nyumbani anajua sijaolewa. Swali fupi, lakini jibu lake linapita kwa mke wa Molière, linapita kwa Siti binti Saad na Bibi Titi, halafu linaingia mpaka ndani ya ukoo wetu wenyewe. Kaeni mkao wa kula :-)

Kwanza niwakumbushe mahali nilipo. Brussels ina manispaa 19, na hii yetu ni mojawapo. Kwa Kifaransa ni Uccle, kwa Kiholanzi ni Ukkel, na kila kibao cha mtaa kimeandikwa mara mbili. Hivyo hata mwanamke ana majina ya heshima kwa lugha mbili. Mtu mzima ni Madame au Mevrouw. Msichana ni Mademoiselle, na kwa Kiholanzi Juffrouw. Darasani tulifundishwa kwamba tofauti yake ni ndoa tu: ukiolewa unapanda kutoka la kwanza kwenda la pili. Historia inasema tofauti kabisa.

Zamani maneno haya yalikuwa ya cheo. Madame maana yake ni "bibi wangu", yaani mkuu wangu wa kike, na Ufaransa ya wafalme waliliweka kwa wanawake wa tabaka la juu. Mwanamke wa chini yao aliweza kuwa na mume na watoto na bado akaitwa Mademoiselle. Mwigizaji Armande Béjart, aliyeolewa na Molière katika karne ya 17, alijulikana kama Mademoiselle Molière. Waholanzi nao walikuwa vivyo hivyo: mke wa tajiri aliitwa Mevrouw, mke wa fundi au muuza duka aliitwa Juffrouw hata awe na wajukuu, na jambo hilo liliendelea mpaka ndani ya karne ya 20. Waingereza je? Mrs na Miss ni vifupisho vya neno moja, mistress, na katika karne ya 18 Mrs angeweza kuwa mwanamke asiye na mume ila mwenye nyumba yake au biashara yake. Neno halikuuliza "umeolewa?" Liliuliza "wewe ni mkubwa wa nini?"

Sasa rudini pwani kwetu mwone. Sisi leo tukisikia "bibi" tunafikiria mama mzaa mama, mwenye mvi na ugoro. Lakini mbona siku ya harusi msichana wa miaka 20 anaitwa bibi harusi? Mbona mkutanoni tunasema "mabibi na mabwana" na hakuna anayedhani wanawake wote pale ni wazee? Na Wakenya wengi wakisema "bibi yangu" wanamaanisha mke. Neno lilianza kama heshima kwa mwanamke, kama Madame. Mfano mzuri ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa mwaka 1926, na mwaka 1955 alipokabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU alikuwa hata hajafika miaka 30. Leo ukimwita mwanamke wa umri huo "bibi" pale Kariakoo, jiandae kukimbia. Neno lenyewe limezeeka, likatoka kwenye heshima likahamia kwenye umri.

Na yupo Siti binti Saad, ambaye kwangu ndiye somo kubwa zaidi. Alizaliwa Unguja mnamo 1880 katika familia masikini, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hebu fikirieni, jina la mtoto! Alipokuwa mwimbaji mkubwa wa taarab, ambaye mwaka 1928 alikwenda mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, watu walishamwita Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye hadhi. Heshima yake hakuipata kwa mume wala kwa mvi. Aliipata kwa sauti yake.

Tena tazameni hilo neno "binti" lililo katikati ya jina lake. Mwanamke wa pwani akiolewa hakuacha kuwa binti wa baba yake. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wetu aliyefariki mwaka 2013, alibaki binti Baraka mpaka uzeeni. Mtashangaa nikiwaambia Wabelgiji nao wana kitu kama hicho. Sheria ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1794 ilisema mtu asitumie jina tofauti na lile la cheti chake cha kuzaliwa. Wakati ule Wafaransa walikuwa wakiitawala nchi hii, na utaratibu huo ukabaki. Mpaka leo mwanamke wa Kibelgiji akiolewa, kitambulisho chake kinaendelea kubeba jina la ukoo aliozaliwa nao.

Lakini mtaani mambo yalikuwa mengine. Wanawake wa kizazi cha mabibi walizoea kuitwa kwa jina la mume. Sisi wauguzi tunaliona hili wodini: faili limeandikwa jina la baba, wakati mama mwenyewe wa miaka 85 ameitwa Madame Fulani, kwa jina la mume, kwa miaka 60. Unaliita jina la kwenye faili, hageuki. Unaliita la marehemu mumewe, uso unachangamka.

Wapo waliotaka kuyafuta majina haya yote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1792 wanamapinduzi wa Ufaransa walileta Citoyen na Citoyenne, yaani raia, badala ya Monsieur na Madame. Zaire ya Mobutu ilifanya hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na sisi tulikuwa na Ndugu, lililoshamiri baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mimi nalipenda sana neno hili, maana halina mwanamume wala mwanamke, halina aliyeolewa wala asiyeolewa, halina tajiri wala masikini. Ofisini na kwenye mikutano lilifanya kazi nzuri. Lakini niambieni, nani kati yenu aliwahi kumwamkia bibi yake "habari za asubuhi, Ndugu"? Usawa tuliupenda, ila umri hatukukubali kuuacha mlangoni. Kwetu mtu akishakutangulia kuzaliwa, lazima neno lioneshe hivyo.

Huku Ulaya waliamua kuanza na ndoa peke yake. Ujerumani Magharibi mwaka 1972 Wizara ya Mambo ya Ndani ilielekeza ofisi za shirikisho ziache Fräulein na kila mwanamke mtu mzima aandikwe Frau. Ufaransa ilichukua muda mrefu zaidi: tarehe 21 Februari 2012 Waziri Mkuu François Fillon alitoa waraka wa kuondoa Mademoiselle kwenye fomu za serikali. Hoja yao ilikuwa nyepesi na ya haki. Mwanamume ni Monsieur tangu ujana mpaka kaburini, hakuna anayemuuliza kama ana mke. Kwa nini mwanamke aitangaze ndoa yake kila anapojaza fomu?

Nilipoisoma hoja hiyo nilicheka kidogo, maana magazeti yetu ya Kiswahili yanaandika Bw. na Bi. tangu zamani. Hiyo Bi. inawekwa kwa aliyeolewa, asiyeolewa, mjane na aliyeachika. Kile ambacho Wazungu walikigombania, sisi tulikuwa nacho kwenye gazeti la kufungia maandazi :-)

Kwa hiyo, mdogo wangu, hilo ndilo jibu la barua zangu. Mimi ni Madame kwa sababu ni mtu mzima, basi. Mwalimu wa shule ya msingi hapa anaitwa Madame na watoto hata akiwa na miaka 22 na hana mchumba. Ila mtaani Mademoiselle bado linaishi, na huko linagawiwa kwa macho. Muuza mkate anakutazama usoni, anapima, anaamua. Wanawake wa huku wanaikumbuka siku walipoitwa Madame mara ya kwanza dukani, kama sisi tunavyoikumbuka siku kijana mwenye ndevu alipotuambia shikamoo. Unaitikia marahaba, halafu ukifika nyumbani unakitafuta kioo.

Hapa Ukkel upo mtaa unaoitwa kwa jina la muuguzi Mwingereza, Edith Cavell. Aliletwa Brussels mwaka 1907 na daktari Antoine Depage kuongoza shule mpya ya wauguzi. Wakati huo wagonjwa wengi walihudumiwa na masista wa Kikatoliki, ndiyo maana muuguzi aliitwa "dada": ma sœur kwa Kifaransa, zuster kwa Kiholanzi. Na sisi tukasema "sista", neno tulilolipata kwa Waingereza. Shule ya Depage ilitaka wauguzi wasio watawa, waliosomea kazi na kulipwa mshahara. Vita vilipokuja, Cavell aliwasaidia askari kutoroka nchi iliyokuwa imetekwa, na Wajerumani walimpiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915 akiwa na miaka 49. Dunia nzima ilimlilia kama Miss Cavell. Mkuu wa shule, mwanamke wa makamo, aliyekufa kwa ujasiri ule, na neno lililomtangulia bado lilikuwa linatoa taarifa kwamba hakuwa na mume. Kila nikipita mtaa ule nafurahi kuona kibao kimeandika Edith Cavell tu, bila neno la mbele.

Kule Ixelles, kuna mtaa wa Matonge wenye maduka ya Wakongo. Kule mimi ni Mama, au Maman wakichanganya Kifaransa. Muuza mihogo wa miaka 60 ananiita Mama, na mimi namwita Mama. Hakuna anayeuliza "mama nani?" Mwanamke mtu mzima ni mama, imekwisha.

Na hapa ndipo nataka kuwagusa nyie wa nyumbani, msinikasirikie. Kwetu tuliwapiku Wazungu kwenye ndoa, lakini tuliweka mlango mwingine, nao ni mtoto. Mwanamke akizaa anapewa jina jipya, Mama Fulani, na ni heshima tamu kweli. Asiyezaa anabaki wapi? Anaitwa "dada" akiwa na miaka 25, "dada" akiwa na 35, na akifika 45 watu wanaanza kukwama, wanalitafuta neno na hawalipati. Mnamkumbuka shangazi yetu, aliyeitwa mama wa mtoto wa kaka yake mpaka alipofariki. Wengine mliona ni kumhurumia. Mimi naona ukoo ulifanya jambo la busara: ulikataa kumwacha bila neno. Lakini nawakumbuka pia wageni msibani waliouliza kwa sauti, "Lakini huyo mtoto si wake, eti?" Alisikia. Alikuwa anapanga vikombe, akaendelea kupanga.

Kazini nimejifunza kitu kimoja. Wapo wahudumu wanaowaita wazee mamie, yaani "nyanya", kwa upendo tu. Mama mmoja wa miaka tisini na kitu alinijibu kwa niaba ya wenzake wote: hakuwahi kuwa na mjukuu, na kila akisikia lile neno anakumbushwa. Alifundisha shule miaka 40, alitaka Madame na jina lake la ukoo. Tangu siku hiyo mgonjwa akiingia swali langu la kwanza, kabla ya presha na joto, ni: unapenda nikuiteje? Wapo wanaosema Madame, wapo wanaotaka jina la kwanza tu, na mmoja wa miaka 88 alidai Mademoiselle, tena kwa fahari. Ndiye naye, anaitwa hivyo.

Basi nanyi nawaomba hilo hilo. Shangazi zetu na dada zetu wasio na watoto wapo, mnawajua. Msisubiri cheti cha ndoa wala kilio cha mtoto ili kuwapa neno la heshima. Mtu wa miaka 45 ni Mama, au ni Bi na jina lake, au lolote analolipenda mwenyewe. Muulizeni kwa upole, halafu wafundisheni watoto waliite hilo.

Na mimi nikija Desemba, watoto wa kaka wanaruhusiwa kuniita shangazi. Shikamoo nazipokea, ila wenye ndevu wapunguze kidogo :-)

Wasalimieni wote, wakubwa shikamooni, wadogo nawabusu.