Mahojiano Nusu ya Nini?

Katika sura ya mbinu za utafiti, tasnifu nyingi za Kiswahili hupita haraka juu ya maelezo mafupi: mtafiti alitumia mahojiano nusu-muundo. Wengine huandika usaili nusu-funge. Msimamizi hutia tiki na kazi huendelea. Mimi husimama hapo kila mara. Nusu ya nini? Aliandaa nusu ya maswali akaacha nusu? Alifika uwandani bila kujiandaa? Jina linasema hivyo, ilhali kazi yenyewe huenda ilifanywa kwa umakini mkubwa.

Kabla ya kuligusa hilo nusu, yatazamwe majina mawili yanayolibeba. Kusaili na swali vimetoka kwenye shina moja la Kiarabu, lile la kuuliza. Kuhoji kuko karibu na hoja, na hoja asili yake ni hujja, yaani uthibitisho unaotolewa mbele ya watu. Polisi humhoji mtuhumiwa, na hapo anayeuliza ni mmoja tu. Lakini tukisema mahojiano, kiambishi cha kutendeana kimeshaingia: lazima wawepo wawili, na kila mmoja awe na cha kumpa mwenzake. Usaili haudai hivyo. Una msaili na msailiwa, na kila mtu anajua nani ameshika maswali.

Tanzania wameitumia tofauti hii vizuri, pengine bila kukusudia. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaita waombaji kwenye usaili, kisha huutaja kwa aina: usaili wa mchujo, ambao mara nyingi huandikwa, usaili wa vitendo, na usaili wa mahojiano. Usaili umekuwa jina la safari nzima ya kupimwa, na mahojiano ni kituo kimojawapo, pale watu wanapokaa ana kwa ana. Kenya watu wengi husema tu mahojiano ya kazi, na wanaelewana bila shida. Hata hivyo mgawanyo wa Tanzania unanipendeza zaidi, kwa sababu unampa mwombaji taarifa: anajua anakwenda kupimwa, na anajua atapimwa kwa njia gani.

Sasa lile neno funge. Lilizaliwa kwenye maswali: swali funge ni lile lenye majibu yaliyokwisha kupangwa, ndiyo au hapana, chagua A hadi D. Lilipohamishiwa kwenye usaili likaanza kupotosha. Usaili wa kazi uliopangwa vizuri mara nyingi huuliza maswali yaliyo wazi kabisa: tueleze siku mteja alipokuja na hasira, ulifanya nini? Jibu ni la msailiwa mwenyewe, refu au fupi. Kilichofungwa ni upande wa wasaili. Kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na jibu lake linapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla hajaingia mlangoni. Kuuita usaili huo funge ni kumfunga asiyestahili kufungwa.

Na kufungwa huko kwa wasaili kuna maana kubwa. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israel. Alikabidhiwa usaili wa makuruta, uliokuwa maongezi ya dakika 15 hadi 20 ambayo mwishoni msaili alitoa maoni yake ya jumla. Maoni hayo karibu hayakutabiri chochote. Kahneman akachagua sifa sita, akatunga kwa kila sifa maswali ya mambo yaliyokwisha kutendeka katika maisha ya kijana, na akaagiza kila sifa ipewe alama yake kabla ya kwenda nyingine. Wasaili walinung'unika kwamba anawageuza mashine. Akawaachia jambo moja: wakishamaliza sifa zote sita, wafumbe macho, wamwazie kuruta akiwa askari, kisha watoe alama kati ya moja na tano. Ikaonekana kwamba alama hiyo ya moyoni ilitabiri vizuri sawa na jumla ya zile sita. Hisia haikufukuzwa. Ilisubirishwa mpaka ushahidi umekwisha kusikilizwa.

Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake, uliotoka mwaka 2022, ulilinganisha njia mbalimbali za kuchagua wafanyakazi kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na utendaji kazini na 1 ni kuoana kikamilifu. Usaili uliopangwa ulipata 0.42 na kushika nafasi ya kwanza. Usaili wa maongezi huru, ule ambao kila msaili anauliza lililomjia kichwani, ulipata 0.19. Kwa mwombaji asiye na mjomba ofisini, tofauti hiyo ni haki yake.

Ndiyo maana napendekeza tuuite usaili sanifu. Neno tunalo, na tunalielewa tangu tulipoanza kusema Kiswahili sanifu: kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote.

Utafiti ni jambo jingine. Mwaka 1946 Robert Merton na Patricia Kendall walichapisha makala iliyoweka msingi wa mahojiano ambayo leo tunayatia lile nusu. Chimbuko lake lilikuwa studio ya redio, Marekani, mwaka 1941. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu waliposikia kisichowapendeza na cha kijani walipopendezwa. Vitufe vilionyesha pahali gani, lakini havikuweza kusema kwa nini. Kwa hilo alihitajika mtu wa kuuliza, anayejua mada anazozitafuta na aliye tayari kulifuata jibu kule linakokwenda.

Kiswahili kina kitenzi chake kwa kazi hiyo: kudodosa, kuuliza kidogo kidogo, kwa upole na kwa kurudia, mpaka undani utoke. Ajabu ni kwamba jina lililotokana nacho, dodoso, tumelipa ile karatasi isiyoweza kudodosa hata kidogo. Karani wa Sensa ya Tanzania ya 2022 aliyebisha hodi na kishikwambi mkononi alisoma maswali kama yalivyotungwa, Kagera sawa na Mtwara, na ilimpasa afanye hivyo, kwani ukibadilisha swali huwezi tena kujumlisha majibu ya nchi nzima. Dodoso ni chombo chema. Lakini jina limekwenda huko, na aliyebaki na kazi yenyewe ya kudodosa tukampa nusu.

Mtafiti huyo ana chombo chake, na watafiti wetu wanakiita mwongozo wa mahojiano. Ni orodha ya mada na maswali makuu, yenye nafasi ya kufuatilia. Bibi wa Kilwa akiulizwa kuhusu mazao akaanza na mwaka wa njaa, mwenye dodoso atamrudisha kwenye swali la nne, na mwenye mwongozo atamsikiliza kwanza, kwa sababu huenda swali la nne linajibiwa humo humo. Basi tuyaite kwa chombo kinachoyaongoza: mahojiano ya mwongozo. Na kwa yale yanayosomwa neno kwa neno, mahojiano ya dodoso. Yasiyo na chombo chochote yabaki mahojiano huru.

Sitazamii kamusi zibadilike kesho. Ninawaomba wasimamizi wa tasnifu wasikubali tena lile nusu kabla ya kumwuliza mwanafunzi mwongozo wake uko wapi, na uambatishwe kama kiambatisho. Na maofisa wa ajira wanaoandika tangazo la usaili, kabla ya kuuita sanifu, wahakikishe maswali na vigezo vya alama vimeandikwa na kutiwa sahihi siku moja kabla mwombaji wa kwanza hajaketi.